Nyongeza Niliyomwomba Mtani

Ulikuwa mwaka ule tuliokula michembe mjini. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikauke kama vipande vya gome, chakula cha kwetu Usukumani mvua zikigoma, na mtu akishapanga chumba Mwanza anajifanya hajawahi kukiona. Lakini mwaka ule mchele ulipanda, unga wa mahindi ukaufuata mchele, na sangara tuliokuwa tunawakata kutwa nzima kiwandani walikuwa wa kupanda ndege kwenda kuliwa na watu wasiotujua. Tukarudi kwenye michembe. Tuliichemsha, tukaiponda na karanga. Na matobolwa, yale yanayochemshwa kwanza ndipo yaanikwe, watoto waliyatia mifukoni wakaenda nayo shule wakiyamumunya kama pipi. Wanawake waliozoea kuinamia bakuli zao wakati wa mapumziko, kifuniko kimefunuliwa nusu, mwaka ule walifunua wazi, maana hakukuwa na wa kumcheka mwenzake.

Isipokuwa Msimamizi. Yeye alipita katikati ya mabenchi, akachungulia bakuli hili, akachungulia lile, akaja kusimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Kumbe ninyi ni Wasukuma kweli," akasema. "Miaka yote mlikuwa mnanidanganya na wali."

"Kaa ule, Mzaramo," nikamjibu. "Kwenu nazi zimekwisha, ndiyo maana unazagaa huku kwetu."

"Nile magome? Mimi mbuzi?"

Watu wakacheka, akaenda zake. Baadaye nikaenda nyuma ya mashine ya barafu kuchukua ndoo, nikamkuta amesimama peke yake, shavu limejaa. Alikuwa ameniibia matobolwa kwenye mfuko wa aproni yangu iliyotundikwa ukutani. Hakushtuka. Alitafuna mpaka akamaliza, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Magumu kama vichwa vyenu," akasema, "lakini matamu."

Huyo ndiye mwanamke ninayetaka kumweleza. Na mwaka huo wa michembe ndio niliomwomba nyongeza ya mshahara.

Watu walimwogopa kabla ya kumjua. Alikuwa mfupi, kifua kipana, sauti yake ikipita juu ya mashine zote. Alisimamia meza ya minofu, yaani sisi wanawake tuliosimama na visu kwenye baridi, tukimvua sangara ngozi na mifupa mpaka abaki nyama tupu. Mtu akichelewa kwa sababu ya msiba alimwambia, "Samaki akioza haulizi nani alikuwa msibani." Mtu akilalamikia vidole alimwambia, "Barafu haina mjomba." Maneno hayo aliyasema kila siku ya Mungu, hata wanetu nyumbani waliyajua, wakawa wanajibizana nayo wakigombania blanketi.

Lakini wasimamizi wengine hunyata. Yeye aliburuta mabuti yake makusudi tangu mlangoni, kwaru, kwaru, ili anayetafuna kitu amalize kumeza na anayesinzia afungue macho. Alipofika mezani kila mtu alikuwa mtakatifu. Halafu anagomba vilevile, kana kwamba ametukuta tumelala.

Samaki hakumla. Mtu amesimamia samaki umri mzima, na kwake anapika kunde. Nilimuuliza. Akasema hawezi kumtamani mtu anayemgombeza kutwa.

Msichana mmoja aliwahi kuficha bondo kwenye soksi. Bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara, na bei yake inaipita nyama, ndiyo maana mlangoni tulipapaswa kama wezi. Msimamizi aliuona mguu wa yule binti umevimba upande mmoja. Hakumpeleka ofisini. Alimvuta pembeni, akamvua buti, akalichukua bondo na kulirudisha kwenye beseni, kisha akamkabidhi brashi ya kusugulia mifereji ya maji machafu. Binti akaisugua mpaka mvua za masika zikaisha. Tulipomuuliza Msimamizi yule mtoto amekosa nini, alisema, "Miguu yake inanuka." Binti hakufukuzwa, wala hakuiba tena, wala hakumpenda.

Na mimi nilipougua homa ya matumbo, alivaa aproni, akashika kisu changu na kusimama kwenye nafasi yangu, ili ofisi isione pengo na kunikata siku zangu. Nani aliyeniambia? Wenzangu. Mwenyewe nilipokwenda kumshukuru alisema, "Nilitaka kujua mtumwa wangu anafanya nini siku nzima. Kumbe hamna kitu."

Mtumwa wangu. Hapo lazima nieleze, maana ndipo nilipofungiwa.

Siku niliyoanza kazi alituuliza makabila, kama watu wanavyouliza. Nikasema mimi Msukuma. Akapiga makofi. "Mtani," akasema. "Leo nimepata mtumwa." Nami nikamjibu kwamba Mzaramo akiona mtu anafanya kazi hudhani ni mtumwa, kwa sababu kwao kazi haijafika. Meza nzima ilicheka mpaka visu vikasimama. Tangu hapo ikawa hivyo. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliokwenda pwani kwa miguu. Hilo hakuna asiyelijua. Mtani anakutukana nawe hukasiriki. Mtani anachukua kitu chako nawe hudai. Ukikasirika, umejiaibisha wewe na ukoo wako, na itasimuliwa.

Sisemi utani ni mbaya. Mume wangu alipofariki, yule mwanamke alikuja msibani kabla shemeji zangu hawajajua waazime mahema kwa nani. Akachukua kofia ya marehemu, akaivaa, akavaa na koti lake, akatembea uani kama alivyotembea mume wangu, bega moja chini, akikohoa kabla ya kusema, akiuliza kila mtu, "Chai iko wapi, mbona nyumba hii inakaukiwa?" Nilikuwa sijatoa sauti tangu hospitalini. Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, nikalia nikapata nafuu. Wakati wa kwenda kuzika akalala kifudifudi njiani, akakataa jeneza lisipite mpaka shemeji zangu wamtolee kitu. Wakamtolea. Alichopewa alikwenda kukinunulia sukari ya wafiwa. Kisha akabaki akiosha masufuria mpaka tulipoondoa matanga.

Basi niambie, mtu kama huyo unamfanyia hasira kwa njia gani.

Baada ya msiba ule ndipo shida yangu ilipoanza. Chumba tulichopanga na mume wangu sikukiweza peke yangu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akanichukua mimi na wajukuu wangu wawili nilioachiwa na binti yangu, akatuweka kwake Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi. Alinichukua kwa wema, sikatai. Lakini wema wa nyumba ya mtu una mwenye nyumba. Tulilala sebuleni nyuma ya pazia. Mke wake alinipimia mafuta ya kupikia kwa kifuniko cha chupa. Wajukuu wangu walijifunza kuuliza, "Bibi, tule sasa au tusubiri?" na mtoto akishajua swali hilo amezeeka. Alfajiri nilisikia mabasi yakipiga honi, yanakwenda Dar, yanakwenda Arusha, yanakwenda Bukoba, watu wote wa dunia wanakwenda mahali, na mimi nimelala nyuma ya pazia nabana kikohozi nisiwaamshe wenye nyumba.

Nilitaka kitu kimoja tu. Chumba cha kupanga, chenye mlango na ufunguo ninaoutia kwenye pindo la kanga yangu. Mshahara wangu haukukifikia. Ukiongezwa kidogo, unakifikia. Hayo ndiyo yote.

Kiwandani nyongeza ilikuja mara moja kwa mwaka, baada ya tathmini. Kila mmoja aliitwa ofisini ghorofani, akaelezwa amefanyaje kazi, na kabla ya siku hiyo Msimamizi alikuwa ameshapanda peke yake kumsemea kila mtu. Ofisi haikumsikia mkataji minofu. Ilimsikia msimamizi wake. Kwa hiyo wenye akili walimwendea Msimamizi mapema. Tathmini ikishapita bila jina lako kutajwa, unasubiri mwaka mwingine. Na wasichana niliowafundisha mimi jinsi ya kushika kisu walikuwa wameshanipita.

Nilimwendea mara ya kwanza wakati wa chai. Nilijikaza, nikamwita kwa cheo chake, sikumwita mtani.

"Msimamizi, nina ombi. Tathmini inakuja. Naomba unisemee nipate nyongeza."

Akanitazama juu mpaka chini. "Nyongeza ya nini? Ya makalio? Mbona Mungu alishakumalizia."

Benchi zima likalipuka. Nami nikacheka. Usinilaumu, kicheko ni kama chafya, hakikuombi ruhusa. Na ukishacheka, ombi limekufa.

Mara ya pili nikasema nitamwendea nyumbani, mbali na watu. Alikuwa amepanga Kirumba, nyuma ya uwanja wa mpira. Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa, nimevaa vitenge vyangu vizuri, na kwa kuwa mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, nilimshika jogoo wangu, yule mwekundu, nikamfunga miguu. Kwa mtu mwingine yeyote jogoo yule angekuwa maneno. Angemwona, angekaa chini, angeuliza, "Haya, mama, kuna nini?"

Msimamizi alifungua mlango, akamwona jogoo, akamchukua mkononi mwangu kabla sijasalimia.

"Mtumwa ameleta ushuru wa bwana wake," akasema. Akampitisha kwa jirani yake aliyekuwa anafua. "Shika huyo, leo tunakula vya Wasukuma."

"Nimekuja kwa neno," nikasema.

"Na kitenge hicho cha juu kizuri. Nipe nikijaribu."

Nikampa. Ungefanyaje, mbele ya jirani? Mtani hapewi zawadi, mtani anachukua haki yake. Nilikuwa nimempelekea rushwa mtu ambaye kwake mali yangu yote ilikuwa yake tangu zamani. Nilikula naye jogoo wangu mwenyewe, tukacheka, nikarudi Nyegezi bila jogoo, bila kitenge, na neno langu bado liko kooni. Mke wa shemeji aliniuliza, "Kitenge kimeenda wapi?" Nikasema nimekopesha.

Mara ya tatu nikatumia akili ya posa. Anayetaka mke hajisemei, anatuma mshenga. Kwenye meza yetu kulikuwa na mwanamke wa Ukerewe, mpole, mwenye sura ya kanisani siku zote, ambaye kwa Msimamizi hakuwa mtani wala nini. Tulimwita Mama wa Ukerewe. Nikamweleza yote, la pazia, la mafuta ya kifuniko. Akakubali. Alikwenda, nikamwona kwa mbali anaongea, Msimamizi ameinamisha kichwa anasikiliza, hachezi, hacheki, anaitikia kama mtu anayesikiliza redio ya vifo. Moyo wangu ukapanda.

Mama wa Ukerewe aliporudi hakunitazama machoni.

"Amesema nini?"

"Amesema umwendee mwenyewe. Amesema yeye na mtani wake hawahitaji mkalimani."

"Ndiyo yote hayo? Mbona mmekaa sana?"

Akavuta kofia yake ya wavu chini. "Aliniuliza na mimi naendeleaje. Nikamwambia. Amesema atanisemea."

Alisemewa, na alipata. Simchukii. Alikuwa amesimama mbele ya Msimamizi, na Msimamizi amemsikia, wewe ungenyamaza? Ila kisu changu siku ile nilikinoa mpaka kikalia.

Sasa siku ya tathmini. Niliitwa ghorofani mchana. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu ziwani nikifua nguo, nayasema kila nikipiga shuka juu ya jiwe: naomba nyongeza, naomba nyongeza. Bwana wa ofisi alikuwa kijana wa shati jeupe, ana kompyuta mbele yake. Msimamizi amekaa pembeni, amevua mabuti, miguu yake ndani ya soksi. Nilikuwa sijawahi kumwona bila mabuti. Alionekana mdogo.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba, baba."

"Msimamizi wako anakusifu. Anasema wewe ndiye unayeichangamsha meza, mtu wa furaha, huna tatizo na mtu. Una lolote la kusema?"

Nikafungua mdomo. Msimamizi akawahi.

"Mpe muda," akamwambia. "Msukuma ukimuuliza jambo anahesabu kwanza ng'ombe."

Wananitazama wote wawili. Sikiliza, mtani akikuchokoza usipojibu, ama umeshindwa ama umekasirika, na vyote viwili ni aibu. Nilijua lile neno langu nimeliacha wapi, nililiona kabisa limekaa kwenye ulimi. Lakini ulimi wangu ulikuwa umefundishwa miaka na yule mwanamke, kama mbwa na bakuli lake.

"Afadhali nina wa kuhesabu," nikasema. "Mzaramo anahesabu ngoma alizocheza."

Kijana alicheka akaegemea kiti mpaka kikalia. "Idara zote zingekuwa kama ninyi," akasema. Akaandika kitu. "Asante, mama. Endelea hivyohivyo."

Nilifika mlangoni. Nikageuka.

"Baba, nina ombi. La mshahara."

Alinitazama uso bado umekunjuka, anasubiri sehemu ya pili ya mchezo. Nikamtazama Msimamizi. Alijua. Nakuambia alijua, kwa sababu aliangalia chini kwenye soksi zake, akakunja vidole vya miguu. Angeweza kusema, huyu anasema kweli. Neno hilo tu. Akanyanyua uso.

"Ukimpa," akasema, "atanunua ng'ombe amwite jina langu."

Kijana akacheka tena, akaita mtu mwingine. Nikashuka ngazi.

Nilimnunia. Nilikata minofu bila kumtazama, akisema simjibu. Siku si nyingi wenzangu wakaanza kunong'ona, halafu kusema wazi: Msukuma amenunia mtani, haijapata kutokea, huyu amerogwa. Mama wa Ukerewe, na nyongeza yake, akanishauri nisamehe kama Mkristo. Mke wa shemeji alisikia sokoni, akacheka huku akinipimia mafuta. Hata hasira yangu ilikuwa imegeuka kichekesho cha watu. Ilibidi nicheke ili waache kunicheka. Asubuhi moja Msimamizi akapita anaburuta mabuti, akasema, "Hiki kisu kimenoleka, kinataka kumchinja nani?" Nikasema, "Wewe, ila nyama yako ni ya kunde." Meza ikashangilia. Yakaisha. Hakuna kilichokuwa kimeisha.

Nilimwomba tena miaka iliyofuata? Niliomba. Kila mwaka likawa ni tukio, watu walikuwa wanalisubiri. "Mtani leo anaomba nyongeza," wanaitana, wanakaa vizuri. Nami naomba, naye anajibu, na jibu lake linabebwa mpaka Mwaloni sokoni. Nyongeza za wote zilinikuta nimo, kama mvua inavyomnyeshea kila mtu. Yangu mwenyewe sikuipata.

Nimejiuliza sana kwa nini. Alikuwa hana roho mbaya. Mwenye roho mbaya haoshi masufuria ya matanga. Hakuwa mchoyo. Nadhani, na hili nalisema mimi, yeye hakulisema, kwamba mtu anayewagombeza watu kutwa hana wa kukaa naye. Kwenye meza ile wote walimwogopa au walimbembeleza. Mimi peke yangu nilimjibu. Angenisikiliza mara moja kwa makini, ningekuwa mfanyakazi wake, na angebaki bila mtani. Kwa hiyo alinifungia humo, kwenye kicheko, akabaki na ufunguo. Wala sidhani alilala usingizi mbaya kwa ajili hiyo.

Kisha sangara wakapungua ziwani, zamu zikapunguzwa. Yeye alistaafu kwa heshima, na keki. Sisi wengine tuliambiwa tutapigiwa simu.

Mwaka jana nikapata salamu kupitia Mama wa Ukerewe: Msimamizi ananiita. Alikuwa amejenga Ilemela, juu kwenye mawe. Nilipanda mlima ule nikipumzika kila jiwe. Wajukuu wangu wamekua, mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anasuka nywele, wamekwenda na maisha yao. Mimi nilikuwa bado Nyegezi, nyuma ya pazia lilelile, mafuta bado kwa kifuniko.

Nilimkuta barazani, miguu imevimba imewekwa juu ya kigoda, ziwa lote chini yake. Nywele nyeupe. Hakuwa na mtu. Wanawe wako Dar.

"Shikamoo ya mtumwa iko wapi?" akasema.

"Nimewaachia wenye adabu zao, huko njiani."

Akacheka akafumba macho, kama mtu aliyepewa maji. Tulikunywa chai. Tulisema waliokufa, tukasema walioolewa vibaya. Halafu akaelekeza fimbo yake nyuma ya nyumba.

"Nenda ukaangalie uani."

Nikaenda. Kulikuwa na chumba. Kitanda kimetandikwa, chandarua kipya kimefungwa, misumari ya kutundikia nguo imepigiliwa kwa urefu wangu, si wake. Dirisha linaona maji. Ufunguo unaning'inia mlangoni na kamba nyekundu. Sitasema uongo, niliushika. Niliuzungusha ukalia. Nikaketi kitandani nikasikiliza, hakuna basi, hakuna mtu anayekohoa kunionyesha kwamba nimechelewa kuamka. Nilikaa humo muda mrefu kuliko inavyofaa.

Nikarudi barazani na ule ufunguo mkononi.

"Umeona?" akasema. "Hama kesho. Mtumwa alale karibu na bwana wake."

"Niombe vizuri," nikamwambia.

"Nikuombe nini?"

"Bila utani. Mara moja tu. Sema, njoo ukae na mimi."

Akanitazama. Midomo yake ilifunguka, nikaliona neno limefika pale mbele ya meno. Nililijua vizuri lile neno linavyokaa. Nikamngojea. Nilimngojea kwa moyo wangu wote, na lau angelisema ningeshuka mlima ule kwenda kufunga magodoro yangu siku ileile.

Akalimeza.

"Msukuma anaombwa?" akasema. "Msukuma anaswagwa, na ng'ombe wake."

Nikauweka ufunguo juu ya meza, kando ya kikombe chake.

"Siji," nikasema. "Mimi nilikuomba nyongeza, sikukuomba chumba."

Alicheka. Alipiga goti lake kwa kiganja, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Umenipata, mtani," akasema. "Hiyo umenipata. Haya, sasa sema kweli. Unahamia lini?"

Nilifunga kitenge changu kiunoni, nikavaa viatu, nikashuka ngazi ya kwanza ya mawe, nikageuka mahali ambapo jua lilikuwa usoni mwangu ili anione vizuri kwamba sicheki.

"Siji," nikasema. "Mimi nilikuomba nyongeza, sikukuomba chumba."